Shuka Bandarini, Utembee



Leo, wasikilizaji, nataka tuzungumze juu ya matembezi. Najua neno hilo linaweza kumchoma mtu aliyelala porini akikimbia risasi, na wa namna hiyo tuko wengi katika bonde hili la Ruzizi. Naomba mnivumilie. Nina jambo limekaa moyoni muda mrefu, nimeona leo nilitoe.

Mtoto wa dada yangu anaishi Marseille, Ufaransa. Juzi alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, mrefu kama mahubiri. Yeye na mkewe walijinyima miaka miwili, wakapata nauli ya meli moja kubwa ya kutembeza watu katika bahari ya Mediterania, siku saba. Akaniambia: "Mjomba, meli hii ni mtaa mzima. Usiku inatembea, wewe umelala. Asubuhi unafungua pazia, uko nchi nyingine." Asubuhi moja wakaamka Civitavecchia, bandari ya watu wanaokwenda Roma. Roma yenyewe iko mbali, kama kilomita 80. Meli ikataka kuwauzia safari: basi, kiongozi anayeshika kibendera, chakula cha mchana, na bei ya kukata pumzi. Wao wakakataa. Wakatoka kwa miguu mpaka stesheni, wakakata tiketi ya treni wanayopanda wafanyakazi wa kawaida, na baada ya kama saa moja wakawa Roma. Napoli wakafanya vilevile. Wakapanda treni ya mitaani mpaka Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79, wakatembea katika njia zake za mawe, kisha wakala mahali wanapokula mafundi na wanafunzi.

Hofu yao ilikuwa moja tu, saa. Ukienda na basi la meli, likichelewa, meli itakungoja. Ukienda peke yako na ukachelewa, utaiona meli mgongo.

Mwisho wa ujumbe akaniuliza swali, kwa adabu yake yote: "Na wewe mjomba, unayesafiri ziwani tangu sijazaliwa, umetembelea bandari ngapi za kwetu?"

Nilikaa kimya na simu mkononi. Nimesafiri na mchele wa bonde hili kutoka bandari yetu ya Kalundu kwenda Kigoma, kwenda Kalemie, nikarudi na saruji, chumvi na sukari. Kigoma nilifika mara nane kabla sijaiona Ujiji. Mara nane! Nilikuwa nalala juu ya magunia gatini, nakula hapohapo, nangoja boti ijae, narudi. Mtu akiniuliza nasema naijua Kigoma. Nilichokijua ni ghala na mizani.

Ziwa letu, wasikilizaji, ni refu. Kutoka pale Ruzizi inapomwaga maji yake mpaka Mpulungu kwa Wazambia ni kama kilomita 670. Kina chake kinafika mita 1,470, na duniani kote ni ziwa moja tu linalolizidi, Baikal la Urusi. Nchi nne zinanawa uso kwenye maji haya: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Sasa fikirini. Mtoto wetu kule Napoli alinunua mkate kwa kuonyesha kidole, kwa sababu kila bandari ya bahari ile ina lugha yake. Sisi tukishuka Bujumbura, Kigoma, Baraka au Kalemie, Kiswahili kimetutangulia gatini. Hata ugomvi wa bei ya ndizi tunaufanya kwa lugha tuliyonyonya. Mali hiyo hatujaitumia kwa lolote zaidi ya kuuliza bei.

Sababu naijua, na wala simlaumu mtu. Sisi wa Uvira na Fizi tumelivuka ziwa hili tukiwa na mzigo kichwani au tukiwa tunakimbia vita. Wengi mnaonisikiliza mlivuka mwaka 1996, wengine 1998, wengine zaidi ya mara moja. Kambi ya Nyarugusu, kule upande wa Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili yetu, na wako watu waliozaliwa humo ambao leo ni wazazi. Mwaka 1997, Mobutu alipoanguka, meli ya Liemba ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira ikirudisha wakimbizi nyumbani, watu zaidi ya 75,000. Mtu aliyeijua Kigoma akiwa kwenye foleni ya unga, ukimwambia aende kuitembelea, atakuangalia usoni aone kama u mzima.

Lakini hiyo Liemba, mmewahi kuulizana ilitoka wapi? Ilitengenezwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen. Walipomaliza kuiunda wakaifungua yote, vipande vikatiwa katika masanduku kama 5,000, vikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli kuelekea Kigoma, na pale reli ilipokuwa bado haijafika, migongo ya wapagazi ikamalizia kazi. Ikashushwa majini Februari 1915, ikiwa meli ya vita. Mwaka uliofuata Wajerumani walipoona wanazidiwa, mafundi wao waliipaka mitambo grisi nzito, wakaizamisha wenyewe karibu na Malagarasi. Walikusudia kurudi kuichukua. Walioiopoa ni Waingereza, mwaka 1924, na 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, ambalo ndilo jina la zamani la ziwa hili kwa watu wa kusini. Meli iliyowarudisha mama zetu Uvira 1997 ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 80, na mitambo yake ya kwanza ilisalimika chini ya maji kwa sababu ya grisi. Miaka na miaka ilitembea kati ya Kigoma na Mpulungu, ikisimama katika vijiji ambavyo vingi havina gati. Ilikuwa ikipiga honi, mitumbwi ikitoka pwani kuilaki, watu, kuku na magunia ya dagaa vikipandishwa ubavuni huku mawimbi yakicheza. Ilipochoka ikawekwa kando kwa matengenezo makubwa.

Nirudi kwenye safari yangu ya tisa, ndiyo iliyonifungua macho. Boti ilikuwa iondoke saa kumi alasiri. Asubuhi nikamwachia mwenzangu magunia, nikapanda daladala mpaka Ujiji, mwendo mfupi tu. Nikaingia pale penye jumba la makumbusho ya Livingstone na miembe inayosemwa kuwa ni uzao wa mwembe uleule ambao Stanley alimkuta Livingstone chini yake mwaka 1871. Mzee mmoja akanionyesha mahali maji ya ziwa yalipokuwa yakifika zamani. Leo ni mbali, unatembea. Akanionyesha kwa mkono njia ya misafara: Tabora, kisha Bagamoyo. Watu wa kwetu, wa ng'ambo ya Kongo, walipitishwa njia ile wamefungwa shingo kwa shingo, wamebeba pembe za ndovu za mtu mwingine. Nilikaa chini ya mwembe muda mrefu. Nilipotazama saa ya mkononi ilikuwa saa tisa. Nikasema nina saa nzima.

Nilipofika gatini boti ilikuwa imekwisha kujitenga. Saa yangu ilikuwa ya Uvira. Kigoma wako mbele yetu saa moja, na mimi katika safari zote zile sikuwahi kulifikiria, kwa sababu sikuwahi kutoka gatini. Mzigo wangu ulikwenda na mwenzangu, mimi nikabaki siku nne kwa watu. Nililipa gharama, na mke wangu hakulala usiku ule. Lakini siku nne zile ndizo zilizonipa Kigoma: stesheni ya reli waliyoijenga Wajerumani, ufukwe wa Kibirizi zinakotokea boti za kwenda Gombe, ambako Jane Goodall aliingia 1960 akiwa msichana wa miaka 26 kuwaangalia sokwe, na nyumba ya Mmanyema mmoja mzee ambaye babu yake alitoka upande wetu wa ziwa na ambaye alinipikia mgebuka. Huo mgebuka, wasikilizaji, ni mukeke wetu uleule, umebadilishwa jina tu baada ya kuvuka.

Na kule Ujiji nilisikia habari inayotuhusu sisi wa hapa Luberizi kuliko mtu yeyote. Aprili 1858, Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka Ujiji kwa mitumbwi wakaja mpaka Uvira. Walikuwa wanatafuta chimbuko la mto Nili. Waliamini huenda Ruzizi inatoka ziwani ikielekea kaskazini, na kwamba kwa njia hiyo ziwa letu ndilo mama wa Nili. Pale Uvira wakauliza, na wana wa mwami wakawajibu bila kusita: Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Burton alihuzunika sana. Hawakuweza kufika kwenye mdomo wa mto, wakarudi, na wataalamu wa Ulaya wakaendelea kubishana. Miaka 13 baadaye, Novemba 1871, Livingstone na Stanley wakapanda mtumbwi Ujiji, wakapiga kasia mpaka huku juu kwetu, wakaona kwa macho yao maji ya Ruzizi yanavyomiminika ziwani.

Maji hayo ndiyo yanayopita hapa chini ya mashamba yetu ya mpunga. Mtoto wa Luberizi aliyetumwa kuchota maji alikuwa na jibu la swali lile. Nami nimekaa kando ya mto huo maisha yangu yote, habari yake nimekwenda kuambiwa Ujiji na mtu wa Ujiji. Jambo hilo liliniuma. Tangu siku ile nikaweka nadhiri kwamba sitaingia tena bandari yoyote bila kutoka gatini na kuuliza.

Tuanze na Bujumbura: ni jirani, mpaka ukiwa wazi unakwenda hata kwa gari kupitia Gatumba, unachukua jetoni yako ya kuvukia mpaka unapita. Wengi wetu tunaishia sokoni na kwenye maduka ya jumla. Nenda Buyenzi. Ni mtaa wa Waswahili wa tangu zamani, njia zake zimenyooka, mafundi wa magari wako kila kona, na salamu ya kwanza utakayoipata ni ya nyumbani. Ukiwa na nusu siku zaidi, shika njia ya kusini kando ya ziwa mpaka Mugere. Kuna jiwe kubwa limeandikwa majina ya Livingstone na Stanley, na tarehe ya Novemba 1871. Walilala hapo wakiwa katika safari ileile ya kuja kuuona mto wetu.

Upande wetu wenyewe ndio tunaoujua kidogo zaidi. Boti ikitoka Kalundu kwenda kusini inapita Makobola, Mboko, Baraka, inazunguka rasi ya Ubwari, inashuka pwani ya Fizi. Hapo ndipo palipo na Kibamba, ambako Che Guevara alishukia Aprili 1965 akitokea Kigoma, akaja kuungana na wapiganaji waliokuwa chini ya Laurent Kabila, na Novemba akaondoka kwa njia ileile ya maji. Sisi tunapita hapo usiku, tumejifunika turubai.

Kalemie nimeikalia wiki nzima, kwa hiari yangu. Watu huuliza maji yote haya yanakwenda wapi, kwa kuwa Ruzizi inaingia na Malagarasi inaingia. Yanatokea pale Kalemie, kwa mto Lukuga, unaokwenda kuungana na Lualaba. Simama darajani uangalie maji yanavyoliacha ziwa. Yale ya Ruzizi yamo humo, yanakwenda zake Banana, Bahari ya Atlantiki. Reli ya kutoka Kabalo ilifika hapo mwaka 1915, na kwa reli hiyo Waingereza walileta vijiboti viwili vya vita, Mimi na Toutou, vilivyokuwa vimeburutwa kwa matrekta, ng'ombe na nguvu za watu kupita milima ya Katanga. Desemba mwaka huohuo viliikamata meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Vitabu vimeandika sana juu ya jemadari wa vijiboti hivyo, Spicer-Simson. Waliokata miti na kujenga madaraja ili vijiboti vipite walikuwa Wakongo, na majina yao hayakuandikwa.

Ukiendelea kusini kuelekea Moba kuna Mpala. Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo pale mwaka 1883. Desemba 1884 watu wake walimuua chifu Lusinga, wakamkata kichwa, na fuvu lake likasafirishwa Ubelgiji, likabaki huko zaidi ya miaka mia moja. Haya ni mambo ya kijiji ambacho boti zetu hukipita kila zikienda Moba, nahodha hata hapunguzi mwendo.

Sasa niseme juu ya usalama, maana sitaki mtu apoteze maisha kwa maneno yangu. Desemba 2014 meli ya Mutambala ilizama katika ziwa hili na kuua watu zaidi ya mia moja. Msidhani ni umaskini wetu peke yake unaozamisha. Hata kule Mediterania, Januari 2012, Costa Concordia, meli yenye maelfu ya abiria na kila kifaa, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, wakafa watu 32. Maji hayasomi bei ya tiketi. Kwa hiyo boti ikijazwa kupita kiasi, shuka, hata kama umekwisha kulipa. Nunua jile yako mwenyewe ya kuokolea maisha, uivae tangu Kalundu, usiilalie kama mto. Na kuanzia Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini unapokuwa mkali, msikilize mvuvi kabla hujamsikiliza mwenye boti.

Karatasi zako ziwe kamili: pasipoti au karatasi ya kuvukia, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Dola ziwe safi, iliyochanika hata kidogo itakurudishia aibu. Badilisha pesa kidogo tu kwa ajili ya siku ya kwanza, nyingine badilisha mjini baada ya kuuliza bei kwa watu wawili. Uliza saa ya kuondoka kwa nahodha mwenyewe, achana na vijana wa gatini. Halafu acha namba ya simu yako kwa mtu aliye ndani ya boti.

Na wakubwa wetu wanaosimamia bandari, nawaomba jambo dogo. Wekeni kwenye kila gati ubao wenye saa za kuondoka na ada anazopaswa kulipa abiria, ziandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kwa hiyo abiria anayeshuka na begi moja mgongoni, hana mzigo, asitazamwe kama mpelelezi au kama mbuzi wa kukamuliwa. Kuna siku, katika bandari moja ambayo sitaitaja, niliulizwa mara nne nimekuja kufanya nini. Nilipojibu nimekuja kutembea, hawakuniamini, nikakaa kwenye benchi mpaka jua likazama. Mtu akitembea katika ziwa lake asilazimike kujieleza namna hiyo.

Walimu mnaonisikiliza, wa Luberizi na wa Sange, watoto wenu wanaweza kuchora ramani ya Ufaransa na mito yake yote. Wafundisheni na hii: Kalundu, Baraka, Kalemie, Moba, Mpulungu, Kasanga, Kipili, Karema, Kigoma, Bujumbura. Bandari kumi, duara moja, na hakuna hata moja ambayo mtoto wa bonde hili angekosa wa kumwambia karibu.

Wewe unayepanda boti Kalundu juma hili na mchele wako, ukifika Kigoma mwachie mwenzako magunia, sogeza saa yako mbele kwa saa moja, kisha panda daladala ya Ujiji.